Nilimzika Mama Siku ya Sabato Ili Nipate Kura

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, nina mke na watoto watano, na nyumbani kwangu ni Tabaka, huku Kisii. Shule niliiachia darasa la sita. Lakini muulize mtu yeyote huku kwetu ni nani ana ghorofa inayoonekana kutoka barabarani, atakuonyesha kwangu kwa kidole. Malori mawili ni yangu. Vinyago vya mawe vinavyotoka karakana yangu vimefika nchi ambazo hata majina yake siwezi kuyatamka. Watu wenye digrii nimewaandika kazi, na wakaniita bosi.

Sisemi haya kwa kujivuna... au basi, wacha niseme ukweli, nasema kwa kujivuna. Ndivyo nilivyo. Na ndiko kulikonifikisha hapa nilipo, mtu ambaye hata dada yake wa tumbo moja hamwangalii machoni.

Kila kitu nilicho nacho kilianzia kwenye karai la mama yangu, Bosibori. Baba alikufa mapema, Mama akabaki kusugua vinyago vya watu kwa msasa ndani ya maji, kuanzia asubuhi mpaka mikono iwe myeupe kama ya mtu aliyekanda unga. Na Mama alikuwa Msabato, si wa mdomo tu. Ijumaa kabla ya jua kuzama, chakula kimeshapikwa, maji yameshatekwa, moto umezimwa. Hapo mpaka Jumamosi jua lizame tena, hakuna jembe, hakuna msasa, hakuna biashara.

Kuna Jumamosi moja nikiwa mdogo, mzungu alifika kwetu na gari akitaka kununua vinyago vyote tulivyokuwa navyo. Mama alimwambia kwa upole arudi kesho yake. Hakurudi! Wiki hiyo tulikula ugali na mboga bila chumvi, na mimi nikaapa moyoni kwamba nikikua sitaiheshimu siku isiyolisha mtu.

Nilikitimiza kiapo changu. Jumamosi ndiyo siku niliyofanya kazi kuliko zote, na nikatajirika. Mama hakunigombeza hata mara moja. Alikuwa akipita na Biblia kwapani kuelekea kanisani, anaona malori yangu yanapakiwa, ananisalimia, anapita zake.

Sasa siasa.

Uchaguzi uliopita ulipokaribia, watu walianza kuniita mheshimiwa. Ndugu msomaji, hilo neno ni tamu kuliko asali, na lina sumu! Nilianza kulala na kuamka na kiti cha bunge. Nilitafuta tiketi ya chama kikubwa, wakanizungusha, mwisho wakampa mwalimu mmoja mstaafu anayejua Kiingereza cha kupanga. Niliambiwa kwamba ofisini kwao walicheka jinsi nilivyoijaza fomu. Hilo liliniuma sana. Mimi, mtu ninayelisha nusu ya kijiji, nichekwe kwa sababu ya kalamu?

Nikaenda kwa chama cha tatu, nje ya vile viwili vikubwa, chama kidogo ambacho kiongozi wake alikuwa anawania urais. Huko sikuulizwa maswali. Nilipewa cheti siku hiyo hiyo.

Kumbe kuwa mgombea wa chama kidogo ni kama kwenda sokoni na mizani isiyo na mawe. Watu wanakula chakula chako, wanavaa fulana zako, halafu wanakuuliza, "Mheshimiwa, hicho chama kina watu wangapi, ni wewe na mkeo?" Na watu wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Makori, aliyekuwa mkuu wa kampeni yangu, akaniambia dawa ni moja tu. Kiongozi wa chama aje mwenyewe, kwa helikopta, atue Tabaka watu wamwone. Nilimbembeleza yule kiongozi kwa simu wiki tatu. Kila mara ni kesho, kesho kutwa, wiki ijayo.

Katikati ya hayo, Mama akaugua. Presha ilipanda, tukampeleka hospitali mjini Kisii. Siku ya pili alituita mimi na dada yangu mkubwa, Kerubo, ambaye ameolewa upande wa Itumbe na kazi yake ni kuchuma chai. Mama alisema polepole, "Nikilala msinisumbue. Dorkasi wanajua la kufanya." Dorkasi ni kina mama wa kanisa lake, ambao aliimba nao zaidi ya miaka thelathini. Tulimjibu sote wawili, ndiyo Mama. Jumanne asubuhi alituacha.

Ninayoandika sasa sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Nililia, nililia kweli. Lakini kabla machozi hayajakauka, nilikuwa nimeshawaza... matanga yataleta watu! Huku kwetu uwanja wa siasa ni matanga. Na kwenye matanga ya wengine, mgombea wa chama kidogo hupewa dakika mbili za kusalimia, au ananyimwa kabisa. Kwenye matanga ya mama yangu mwenyewe, ni nani angeninyima spika?

Ukoo ulikaa, tukakubaliana mazishi yawe Alhamisi ya wiki iliyofuata. Hema zikaagizwa. Kisha Makori akanipigia akiwa na furaha ya ajabu. Kiongozi amekubali! Atakuja na helikopta, atamwaga rambirambi, atanishika mkono juu mbele ya watu. Ila nafasi aliyo nayo ni Jumamosi peke yake.

Jumamosi...

Sitadanganya kwamba sikujua. Nilijua vizuri kuliko mtu yeyote. Hata hivyo nikasema, sawa, iwe Jumamosi.

Kerubo alikuja kutoka Itumbe na nguo zake za shamba, hata hakubadilisha. Hakuketi. Akasema, "Ombati, Mama hakuwahi kuchemsha hata chai siku ya Sabato. Wewe unataka kumchimbia kaburi siku hiyo?"

Nilijifanya mjuzi wa maandiko. Nilimwambia hata Yesu alisema ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato anatolewa.

"Anatolewa," akasema. "Hatumbukizwi."

Na mtu wa aina yangu akikosa jibu hutafuta jiwe. Nikamuuliza jeneza limenunuliwa na nani, ng'ombe wa matanga wamenunuliwa na nani, au ni majani yake ya chai? Alivuta leso yake mabegani, akaondoka.

Mchungaji naye alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kupigana naye, lakini hakunipa nafasi. Alisema tu kwamba Jumamosi wao watakuwa kanisani kama kawaida, na watamwombea Mama huko huko. Aliuliza kama siku inaweza kubadilishwa. Nilimwambia mipango ya kitaifa haibadilishwi. Naona aibu kuliandika hilo neno. Mipango ya kitaifa!

Siku ikafika. Hema kumi, spika ndefu kama mtu, jenereta, vijana wamevaa fulana zenye sura yangu. Kile kijitabu cha wasifu wa marehemu, jalada lake lilikuwa na picha yangu nimeinua mkono, na picha ya Mama ilikuwa chini kwenye kona, ndogo kama stampu. Makori ndiye aliyekipeleka kwa mchapishaji, lakini nilikionyeshwa kabla, na nikasema ni kizuri.

Watu walikuja wengi. Lakini nilipotazama, sikuona hata mmoja wa watu wa Mama. Waliokuja walikuja kuona helikopta na kula nyama.

Kanisa lao liko juu ya kilima, ng'ambo ya bonde kutoka kwetu. Saa nne hivi wimbo ukaanza kusikika kutoka huko. Ulikuwa wimbo aliokuwa akiuimba Mama akisugua mawe, na sauti zilikuwa za wenzake wa Dorkasi. Watu kwenye hema wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, hata wale vijana wa fulana. Wazee wengine walivua kofia.

Mimi nikafanya nini? Nilimwambia mtu wa spika aongeze sauti! Akaweka nyimbo za kampeni juu kabisa, mpaka ule wimbo wa mlimani ukamezwa. Jeneza la mama yangu lilikuwa hatua kumi kutoka kwenye spika.

Saa sita, helikopta hakuna. Saa nane, hakuna. Makori alisema kiongozi anatoka Nyansiongo, yuko karibu. Kisha akasema anaenda juu kutafuta mtandao mzuri wa simu. Hakurudi. Wiki iliyofuata nilimwona kwenye gari la mpinzani wangu, amevaa kofia yao.

Mvua ya mchana ikaja, ile yetu ya Kisii isiyobisha hodi. Watu wakajibana chini ya hema. Mzee mmoja alikuwa na redio ndogo sikioni. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akawaambia wenzake. Maneno yakapita kutoka kiti hadi kiti mpaka yakanifikia. Kiongozi wa chama changu alikuwa Nairobi saa hiyo, amesimama na mgombea wa upande mmoja mkubwa, ametangaza kwamba ameacha mbio za urais na chama kizima kimejiunga nao. Wagombea wake wa ubunge hatukutajwa hata kwa bahati mbaya.

Yule mzee akaniuliza, kwa sauti ya kusikika na wote, "Mheshimiwa, ndege imepotea njia, ama imepata bei?"

Hema nzima ilicheka. Kwenye matanga ya mama yangu, watu walicheka!

Nyama ilikuwa imekwisha, wakaanza kuondoka mvua ikinyesha. Kaburi lilikuwa limejaa maji kufika magotini. Vijana wanne wa jirani waliyachota kwa ndoo, wakitoa ndoo moja ardhi inarudisha mbili. Mwishowe wakasema, Omogaka, yaani mzee, tumshushe hivi hivi, hayatakwisha.

Hakukuwa na mchungaji wala mwimbaji. Kerubo alikuwa amesimama peke yake upande wa pili wa kaburi, amelowa. Mtu akaniambia, wewe ndiye mtoto wa kiume, omba. Nikachukua kipaza sauti. Nikafumba macho. Miezi mitatu nilikuwa nikisimama mbele ya watu na kusema maneno yale yale, na nilipofungua mdomo kumwomba Mungu, kilichotoka kilikuwa, "Wapiga kura wenzangu..."

Nilijisikia mwenyewe kwenye zile spika ndefu. Bonde lote lilisikia. Sauti ilienda mpaka ng'ambo ikarudi.

Kerubo alizunguka kaburi, akanyoosha mkono, akasema, "Nipe hiyo." Hakuwa na hasira. Alichukua kipaza sauti, akakizima, akakiweka chini kwenye matope, akaomba kwa mdomo wake tu, kwa Ekegusii, maneno machache. Ndivyo Mama alivyoshuka majini.

Jumapili asubuhi kina mama wa Dorkasi walikuja. Walikuwa wamebeba chakula kwa sufuria vichwani. Walisimama kwenye lile tope wakaimba, kisha wakanipa mkono mmoja mmoja, pole mwanetu, pole mwanetu. Laiti wangenitukana! Wa mwisho, bibi mzee ambaye hata simjui jina la ubatizo, alitoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi. Nguo nyeupe. Alisema, "Tulikuwa tumemshonea ya safari. Tuliimaliza Jumatano, tukijua mazishi ni Alhamisi. Sabato hatukuweza kuja kumvika."

Alitazama huku na huku kama mtu asiyejua aiweke wapi. Kerubo aliipokea.

Jina langu lilibaki kwenye karatasi ya kura kwa sababu muda wa kulitoa ulikuwa umepita. Kwenye kituo cha nyumbani, shule niliyosomea hilo darasa la sita, nilipata kura kumi na moja. Mke wangu na mimi, watu wa karakana... nilizihesabu sura, hazikutimia hata wafanyakazi wangu wote. Nilimwuliza Kerubo kama alinipigia. Alisema, "Hapana, kaka. Nilimpigia mwalimu." Tangu siku hiyo akija kufagia kaburi la Mama anapitia mlango wa nyuma wa boma, na mimi naangalia kwa dirisha la ghorofa yangu.

Nilikwenda kwa mchungaji, nikamwuliza kama kuna ibada ya kufanya upya yale mazishi, kwa gharama yoyote. Aliniambia gharama haipo, na ibada hiyo pia haipo. Akanikaribisha kanisani. Jumamosi malori yangu hayapakiwi siku hizi. Mimi huketi benchi la nyuma, karibu na mlango, na ikifika zamu ya Dorkasi kuimba hutoka nje nikasimama, kwa sababu siwezi kuusikia wimbo huo nikiwa nimekaa.

Sasa uchaguzi mwingine unanukia. Juzi Makori alinipigia simu. Akacheka kama vile hatujawahi kukosana, akaniita mheshimiwa, akasema kuna chama kipya kinatafuta mtu mwenye uwezo kama mimi. Na ndugu zangu, nitawaambia ukweli wote, kwa sekunde moja moyo wangu uliruka! Ndipo nikakata simu, nikaketi chini nikaandika haya.

Wewe unayesoma, kama unatafuta kiti, kitafute. Sikukatazi, na chama kiwe kidogo au kikubwa. Lakini mtu wako akilala, zima spika. Waulize waliomjua alitaka nini, na ufanye hivyo hivyo, hata kama rais mwenyewe amesema nafasi yake ni Jumamosi. Ukikosa kura, baada ya miaka mitano watakuletea debe lingine la kura mpaka mlangoni.

Mama hazikwi mara ya pili.