Hapana ya Kwanza

"Vuta kidogo upande wako."

Mgeni alivuta. Kitambaa cha kijivu kikakaza juu ya sponji, na Fundi akagonga msumari mdogo kwenye ukingo wa kochi, kisha mwingine, bila kumwangalia. Kwa kawaida kazi hii waliifanya wakipiga soga. Fundi angemtania Mgeni kwamba anashika nyundo kama mwiko, naye angemjibu kwamba makochi yake yana vitambi kuliko wenyewe. Leo karakana ilikuwa kimya, na juu ya meza ya kukatia, kando ya mkasi, kulikuwa na tiketi ya basi.

Mgeni alikuwa ameiona tangu alipoingia. Ya kesho asubuhi, kwenda mpakani.

"Nimekuchukulia siti ya dirishani," Fundi alisema mwishowe. "Najua unapenda kuona njia."

"Asante."

"Vuta, Mgeni."

Akavuta mpaka vidole vikauma.

Jina la Mgeni alipewa na Shangazi, mwenye nyumba ya wageni, siku aliyofika na begi mgongoni na viatu vimejaa vumbi. Mgeni alikuwa mjane kijana. Mumewe alipofariki, wakwe na majirani kila mmoja alikuwa na la kusema kuhusu atakavyovaa na atakavyokaa, mpaka siku moja akanunua begi, akavuka mpaka, akawa anatembea mji hadi mji akilala nyumba za bei nafuu.

Lugha walielewana. Mengine yote ndiyo yaliyomsumbua. Kwao salamu ni shughuli. Mtu huulizwa ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, hata ya magoti. Huku mtu alikupa salamu moja akapita zake, na mwanzoni alidhani amekosana na mtaa mzima. Polepole akazoea. Akaja kuupenda ule ukimya wao, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza mumewe alikufa na nini. Kwa Shangazi alikusudia kulala usiku mmoja tu. Asubuhi akapita karakana ya uani kushonewa mkanda wa begi, akamkuta mwenye karakana, mtoto wa kaka yake Shangazi, anahangaika peke yake na kitambaa cha kochi refu. Akashika upande mmoja. Hakuondoka tena.

Kisha ikafika jana jioni. Fundi alinawa, akavaa shati safi, akamfuata kwenye kamba alipokuwa anaanua nguo. Alimwambia bila kuzungukazunguka kwamba anampenda, kwamba hana mengi zaidi ya karakana ile, na kwamba angependa abaki awe mke wake. Mgeni aliusikia moyo wake masikioni. Akainamisha uso, kama alivyolelewa.

"Hapana, Fundi. Nisije nikawaletea usumbufu."

Kisha akasubiri.

"Nimekuelewa," Fundi alisema. Akamsaidia kukunja shuka lililobaki, akaenda zake.

Na leo tiketi.

Mgeni alipotoka karakana alimpigia mama yake, akamweleza yote kwa sauti ya kukatika.

"Amekuuliza mara ngapi?" Mama alitaka kujua.

"Mara moja."

"Mara moja si kuuliza, hiyo ni salamu. Baba yako alirudi hapa mpaka mbwa wakamzoea."

"Na tiketi ameshanikatia, Mama."

"Basi alikuwa anakupima tu. Panda hilo basi mwanangu, uje nyumbani. Usimlilie mtu asiyekubembeleza."

Alikuwa anakunja nguo kuziingiza kwenye begi Shangazi alipoingia kuvua mashuka. Shangazi alisema, macho yakiwa kwenye foronya:

"Umefanya vizuri kumwambia mapema. Ila ameumia, sikufichi."

Mgeni akashindwa kujizuia. "Ameumia na nini, Shangazi? Kaniuliza mara moja, kama mtu anayeuliza saa. Angekuwa ananitaka si angeuliza tena?"

"Aulize tena? Si ulisema hapana?"

"Nilisema. Lakini ile ilikuwa ya kwanza."

Shangazi alisimama na foronya mkononi. "Ya kwanza? Kwani zipo ngapi?"

Ndipo Mgeni akamweleza jinsi kwao mtu akikaribishwa chakula husema ameshiba mpaka abembelezwe. Mwanamke akiulizwa jambo zito kama lile hukataa, akangoja. Mjane ndiyo zaidi. Akikubali haraka, watu watasema alikuwa anamngoja yeyote yule.

Shangazi akaketi kwenye godoro lililo wazi. "Kwa hiyo siku uliyofika, uliposema umeshiba nikaondoa sahani..."

"Nililala njaa."

Kicheko kilimjia Shangazi, kikaishia kooni.

"Huku mtu akisema neno ni lake, hatumnyang'anyi," alisema. "Lakini kwa yule kijana kuna zaidi. Mama yake, wifi yangu, alimkataa kaka yangu. Kaka akarudi. Akatuma watu. Akarudi tena. Sisi tulimshangilia, na mimi nikiwemo, tukisema hayo ndiyo mapenzi. Wifi akaolewa kwa kuchoka." Akalaza foronya magotini. "Huyu mtoto amekua akimwona mama yake anakaa ndani ya nyumba yake kama mtu anayesubiri usafiri. Hawezi kukuuliza tena, mwanangu. Usidhani hataki."

"Sasa nifanye nini?"

"Ya kwenu siyajui. Huku, aliyelisema neno ndiye anayeweza kulibadilisha."

Shangazi alipotoka na mashuka yake, Mgeni alibaki amekaa karibu na begi lililo nusu tupu. Kumfuata mwanamume na kumuuliza ni jambo ambalo hakuwahi kuliona likifanywa na mtu anayeheshimiwa. Na akikataa, hiyo hapana itakuwa moja, na ya kweli. Akachukua simu, akaandika: "Mama, nakwenda kufanya jambo ambalo hukunifundisha. Nisamehe." Akaituma kabla hajaisoma tena.

Fundi alikuwa bado kwenye kochi lile lile, anavuta kitambaa kwa mkono mmoja na kugonga kwa mwingine, na mstari ulikuwa umekwenda upande. Mgeni akashika upande wake.

"Kapumzike," Fundi alimwambia. "Safari ni ndefu."

"Jana nilisema hapana nikisubiri uniulize tena."

Nyundo ikabaki hewani.

"Kwa nini mtu aseme hapana wakati anataka ndiyo?"

"Ili asionekane mwepesi. Nimelelewa hivyo. Sikujua kwamba huku mkiambiwa mara moja inatosha."

Fundi aliweka nyundo chini taratibu. "Siwezi kukuuliza tena, Mgeni. Hata sasa siwezi. Na kama umekuja kwa kunihurumia..."

"Sijaja kwa huruma. Na usiniulize. Nakuuliza mimi." Akakishika kitambaa kwa mikono miwili. "Nataka kubaki. Nataka kuwa mke wako. Wewe unataka?"

Fundi hakujibu. Kwao Mgeni, ukimya kama ule ungekuwa jibu tosha, na si jibu zuri. Lakini alishakaa na watu hawa vya kutosha kujua kwamba hufikiri kwanza. Akajilazimisha asiongeze neno, asijitetee, asigeuze kuwa mzaha.

"Ndiyo," Fundi alisema. Akajifuta uso kwa kiganja, vipande vya sponji vikamganda shavuni. "Nataka."

Simu ikaita. Alikuwa Mama, na alianza na swali kabla ya salamu. Mgeni alimweleza. Yakafuata maswali mengine: anafanya kazi gani, anakunywa, ana hasira, anakuja lini kujitambulisha. Mgeni akamjibu kwamba atakuja viti vya wateja vikishakamilika.

"Mwambie nimekataa," Mama akasema, akakata.

"Amesemaje?" Fundi aliuliza.

"Amekataa."

Fundi akanywea. "Basi kama ndilo neno lake..."

"Atakataa na ukifika. Atasema hana binti wa kuozesha mbali. Wewe utakaa pale pale ulipokaa."

"Akirudia?"

"Omba maji ya kunywa."

Fundi hakucheka. "Nitajuaje kama hapana yake ni ya kweli?"

"Nitakuwepo. Ikiwa ya kweli nitakwambia, tutasimama pamoja. Lakini ndiyo yangu umeshaisikia, na hiyo haibadiliki."

Fundi alifikiri, akatikisa kichwa kukubali, akaanza kung'oa misumari ya ule mstari uliopinda, mmoja mmoja. Walipomaliza kuunyoosha, mwanga ulikuwa umepungua na Shangazi anaita kutoka jikoni.

"Mgongo tutauvalisha kesho," Fundi alisema.

Wakaegemeza kochi ukutani, springi zake za nyuma zikiwa wazi, wakaenda kula.