Posa ya Kamanda wa Manowari

Soko la Lushoto lilikuwa limefurika siku ile ya mwaka 1963, Kamanda Wendell alipomkanyaga Yudith mguu mbele ya fungu la mapeasi. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Marekani. Manowari yake ilikuwa imetia nanga Mombasa, naye amepanda milimani kupumzika. Yudith alikuwa mwalimu, na gauni lake la buluu lilimkaa vizuri mno.

"Samahani, mwalimu."

"Nani kakwambia mimi mwalimu?"

"Umenitazama kama nimekosa hesabu."

Yudith akacheka, na moyo wake ukaenda hapo hapo.

Wakawa wanaonana kila jioni. Likizo ilipokaribia kwisha, Wendell alivaa sare nyeupe akaenda peke yake kwa Mzee Sefania, baba yake Yudith, kumposa bintiye. Usambara mwenye haja hajisemei, hutuma mshenga. Mzee akazungumzia mvua na maharage, kwa heshima zote, mpaka mgeni akaaga. Kwa mzee, posa ilikuwa bado haijaletwa. Kwa Wendell, alikuwa amekataliwa. Kesho yake akateremka Mombo bila kumuaga Yudith, mpumbavu yule, aliyeweza kuamuru manowari nzima akashindwa kuuliza swali moja.

Yudith alimngoja mshenga. Wachumba walikuja, akawakataa. Wendell alipanda cheo, akawa kapteni, akapigana Vietnam, akawa admeri.

Mwaka 1972 simu ikalia misheni alikofundisha Yudith, akaitwa.

"Mpenzi, ni mimi, Wendell. Miaka tisa nimeshindwa kukuuliza: kwa nini baba yako alinikataa?"

"Alikukataa lini? Tulikuwa tunamngoja mshenga wako."

"Nakuja," akasema.

Alikuja na mvi, na safari hii akamtuma mzee wa kanisa, Fanueli, aseme kwa niaba yake. Mzee Sefania alikwisha kufariki. Baba mdogo wa Yudith akaipokea posa, akataka binti aulizwe. Yudith akatoka uani alikongoja Wendell, akamvuta pembeni.

"Nakupenda. Sijaacha hata siku moja. Wakikuita tena vitani, utakwenda?"

"Mimi ni admeri, Yudith."

"Nimekuuliza wewe, Wendell, si admeri."

Alitazama chini. "Nitakwenda."

"Mimi nimeshangoja. Siwezi tena."

Akaingia ndani, akamwomba baba mdogo airudishe posa, kisha akalia mbele ya wazee wote bila kujifunika uso.