Kidonge cha Wifi

Kila asubuhi fundi cherehani alianza kazi huku akimsikia wifi yake, dada wa mumewe, akiongea jikoni. Akikosa mtu wa kuongea naye, aliongea na sufuria. Mtaani walimwita Chiriku.

Mwaka uliopita Chiriku alitibiwa uvimbe wa shingoni kwa mionzi. Alipona, lakini mate yalimkauka. Chakula kilimkwama kooni na maneno pia. Nyumba ilipoa. Kisha daktari akampa vidonge vya kuleta mate, na kelele zikarudi. Hakuna aliyelalamika.

Fundi naye alikuwa na ugonjwa wake, presha ya macho. Haukumuuma hata kidogo. Ila alikuwa akigonga bega mlangoni na kuangusha vikombe vilivyokuwa kando yake. Kliniki ya macho ilimpa dawa ya matone.

Matone yale hakuyapenda. Yalimwasha na kumletea ukungu, na paji la uso likamuuma. Siku moja aliyatia, akakaa hapo hapo kushona sare ya mpishi. Mkono wa kushoto akaushonea kulia.

"Dawa gani hii ya kunipofusha?" alifoka huku akifumua. Chupa akaitupia kwenye droo, na humo ikakaa.

Baadaye, akiwa anapanga meza, aliona pakiti ya vidonge vya Chiriku. Akasoma jina la dawa. Akaitoa ile chupa, akasoma tena. Jina lilikuwa lile lile!

"Kumbe!" alijisemea. "Mimi nalia na matone, mwenzangu anameza tu na maji."

Akameza viwili, maana macho ni mawili.

Haukupita muda, jasho likaanza kumtiririka mpaka mgongoni. Mate yakamjaa mdomoni. Akaenda chooni, akarudi, akaenda tena.

"Wifi, mbona umelowa hivyo?" Chiriku aliuliza.

"Joto."

"Joto gani, na mimi nimevaa sweta?"

Fundi alijaribu kusimama, kichwa kikazunguka. Hapo akasema yote. Chiriku alitoka mbio kumwita jirani yao, mfamasia wa hospitali, aliyekuwa nyumbani siku hiyo.

"Una pumu, dada? Moyo je?" mfamasia aliuliza, huku akimshika mkono kupima mapigo.

"Hapana."

"Afadhali. Lakini twende hospitali, tusibahatishe."

Hospitalini daktari alimpima na kumweka chini ya uangalizi mpaka jasho likakauka. Walipokuwa wakisubiri ruhusa ya kurudi nyumbani, mfamasia alisogeza kiti.

"Jina ni moja, lakini kazi ni mbili," alisema. "Kidonge kinaingia kwenye damu, kinaamsha mate na jasho mwili mzima. Tone linafanya kazi ndani ya jicho. Linafungua njia ili maji yaliyojaa yatoke. Hivyo kidonge cha wifi yako hakichukui nafasi ya tone lako."

"Lakini mimi siumwi macho!"

"Ndiyo hatari yake. Presha hii ni mwizi asiyevunja mlango. Inaua mshipa wa fahamu wa jicho polepole, na uwezo wa kuona vya pembeni ndio huanza kupotea. Sehemu ikishapotea, hairudi. Dawa inalinda iliyobaki."

Fundi alivikumbuka vile vikombe.

"Hebu nionyeshe unavyotia," mfamasia alisema.

Fundi aliinua kichwa, akafanya kama anamimina.

"Unaosha uso au unatia dawa?" Chiriku akadakia, na wote wakacheka.

"Nawa mikono kwanza," mfamasia alieleza. "Vuta ukope wa chini, dondosha tone moja. Ncha ya chupa isiguse jicho. Fumba, kisha bonyeza kona iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili, dawa isikimbilie puani na kooni."

"Nikiongeza la pili?"

"Litaishia shavuni. Na ukungu ule hupita. Ukishatia, subiri uone vizuri ndipo ushike sindano. Giza likianza kuingia, dawa hii hukufanya uone kwa shida, hivyo angalia unapokanyaga. Ikikusumbua sana, mwambie daktari aamue. Usiache mwenyewe, wala usimeze cha mwenzio."

Tangu siku hiyo fundi alifuata saa alizopangiwa na daktari. Alitia tone, akafumba macho, akabonyeza kona. Chiriku alikaa karibu na kumsimulia habari za mtaa mzima. Kuwashwa kukapungua, na sare hazikufumuliwa tena.

Siku ya kliniki ilipofika, walikwenda pamoja. Daktari alipima jicho la kwanza, akapima la pili.

"Presha imeshuka," alisema. "Ulichopoteza hatuwezi kukirudisha. Lakini ukiendelea hivi, tunaweza kukilinda ulicho nacho."

Fundi alishusha pumzi. Huko nje jua lilikuwa kali. Aliiona barabara, aliyaona magari, na alimwona wifi yake, aliyekuwa ameshaanza kumweleza mlinzi wa getini.

"Imeshuka!" Chiriku alisema. "Huyu ndiye mwenyewe, muulize!"

"Ni kweli," fundi alimwambia mlinzi, akitabasamu. "Imeshuka."