Jarida Liliandika Kwamba Nimekufa

"Mama Seth, hapa wameandika umekufa."

Nilikuwa nimeshika ungo, napepeta uwele. Mikono ikaendelea yenyewe, kana kwamba haijasikia...

Maneno hayo niliambiwa uani kwangu, Ihumwa, mwaka 1995. Na aliyeniambia ndiye aliyenipasua macho kwa mikono yake.

Wajukuu zangu, nisomeni polepole. Na mimi naandika polepole, kidole kimoja. Kisa hiki nimekibeba hadi mabega yamechoka, leo nakitua hapa kwenu.

Aliyekuja ni Salha, tabibu wa macho, mzaliwa wa Makole, pale Dodoma mjini. Hakuwa daktari wa chuo kikuu, alikuwa tabibu tu.

Kope zangu zilikuwa zimegeukia ndani. Kila nikipepesa, zinakwaruza jicho. Ni ugonjwa wa vikope, wanawake wengi wa huku tunaujua. Salha alizipasua akazirudisha mahali pake. Na wakati ananishona alikuwa ananisimulia habari za paka wake mwizi, ili nisiifikirie sindano.

Wema wa namna hiyo mtu hausahau.

Sasa alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, jarida la kitabibu liko mapajani. Limeandikwa Kiingereza, ananifasiria.

"Nani kaandika hivyo?"

"Daktari Ludovick."

Nikaweka ungo chini.

Ludovick nilimjua. Alikuja kututafiti sisi tuliopasuliwa na matabibu, aone kama tumepona. Alikula mlenda kwangu akaomba aongezwe. Aliponiona nahangaika na kuni mbichi, alipiga magoti akapuliza moto, shati lake jeupe likajaa majivu. Akaniita mama. Akaahidi atarudi kuniangalia tena.

"Soma vizuri, mwanangu. Labda ni mwingine."

"Mwanamke wa Ihumwa, miaka arobaini na minane, alifariki kwa maambukizi baada ya kupasuliwa kope na tabibu asiye daktari." Akainua macho. "Mama, wa umri huo hapa Ihumwa nimempasua mmoja tu."

"Basi ni mimi."

"Ni wewe."

Tukatazamana. Tukacheka, kile kicheko cha mtu aliyechoka. Halafu Salha akaanza kulia.

"Wametuzuia kupasua, mama. Matabibu wote wa wilaya. Wanasema utafiti umeonyesha tunaua."

"Na wewe?"

"Mimi nimewekwa kwenye watu wa kupunguzwa."

Mliozaliwa juzi hamjui miaka ile. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Mtu anaamka ana kazi, jioni anarudi nyumbani na sanduku la vitu vyake.

"Na wagonjwa wako?"

"Waende Dar es Salaam kwa madaktari."

Upande wa pili wa ua alikuwa anakaa jirani yangu, Lea. Kope zake zilikuwa zimeharibika kuliko zangu. Alikuwa anangojea zamu yake kwa Salha mwezi uleule.

Lea hata Dodoma mjini alikuwa anaenda kwa kuazima kanga. Dar angefikaje?

Nikanawa mikono.

"Salha, mwandishi mkuu wa hilo jarida anakaa wapi?"

"Ofisi yake iko Makole, karibu na nyumbani kwetu."

"Twende akanione."

Mhariri alikuwa Mzee Abdulrazaki, daktari mstaafu, mtu mpole sana. Ofisi ni chumba kimoja, kina kiti kimoja chenye mto. Alinyanyuka akanipa mimi. Yeye akakaa juu ya boksi la karatasi. Akaagiza chai ya tangawizi hata kabla hajauliza nimefuata nini.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"Mzee, mimi ni marehemu wako."

Salha akamfungulia ukurasa. Mzee akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Niruhusu niangalie macho yako, mama."

Nikamruhusu. Akaniinamia taratibu, akatazama makovu ya kope moja baada ya nyingine.

"Umeshonwa vizuri sana," alisema. Salha akatazama ukutani.

Ludovick alikuwa anafanya kazi mtaa wa pili. Mzee akatuma aitwe.

Akaingia, kijana yuleyule, shati jeupe lilelile.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijam..."

Hakumaliza. Akashika fremu ya mlango.

"Mama Seth?"

"Ndiye."

"Lakini nilikuja kwako... nilikuta msiba."

"Msiba ulikuwepo. Tulikuwa tunamlilia wifi yangu Ruthu, alikufa kwa presha. Wewe ulimzika nani?"

"Nikiwa barabarani niliona mikeka uani. Wanawake wamejifunga kanga, wanalia. Nikajua ni wewe."

"Uliteremka kwenye gari?"

Akatazama viatu vyake.

"Nakuuliza, mwanangu. Uliteremka?"

"Nilikuwa na vijiji vingi vya kufikia siku ile, mama."

"Ungeteremka ukatoa pole, mimi ndiye niliyekuwa nagawa uji. Na wewe ningekupa."

Salha hakuweza kuvumilia tena.

"Na maambukizi je, daktari? Nayo uliyaona kupitia dirisha la gari?"

"Nilifikiri... alikuwa mzima, hana ugonjwa mwingine. Kapasuliwa juzijuzi. Ingekuwa nini?"

"Ulifikiri, ukaandika."

"Nilifikiri, nikaandika."

Nikamgeukia mzee. Nilitegemea amgombeze, ampigie meza. Alikuwa anatazama chai yake inavyopoa.

"Keti, Ludovick," alisema. "Wa kusemwa hapa ni mimi."

Wajukuu zangu, hapo ndipo nilipochoka kabisa...

Alitueleza. Makala kabla haijachapishwa hupewa wasomi wawili waikague. Mmoja wao aliirudisha na swali. Aliuliza nani aliyemwona huyo marehemu, na nani aliyethibitisha kilichomuua.

"Nililisoma swali lile," alisema mzee. "Nikaliweka kando. Ruzuku yetu ilikuwa imekatwa, toleo limechelewa, kurasa hazijajaa. Nikajiambia, Ludovick ni kijana mwaminifu. Sikumuuliza."

"Ungemuuliza tu, mzee," Salha alisema.

"Ningemuuliza tu, binti yangu."

Yaani mtu aliyenipisha kiti chake ndiye aliyeachia nichapishwe maiti. Nilitafuta hasira ya kumpa, sikuipata. Kikombe cha chai aliyoniagizia kilikuwa bado mkononi mwangu.

Siyo kwamba alikaa kimya. Kesho yake alikwenda mwenyewe ofisi ya afya, akaongea. Wakamwambia: mzee, katazo letu limetokana na maandishi, kwa hiyo tuletee maandishi. Na jarida lile lilitoka mara mbili tu kwa mwaka.

Tukangoja.

Ludovick alikuja Ihumwa siku moja, kwa miguu. Akatoa pole ya Ruthu, pole iliyochelewa. Akakaa na sisi kutwa nzima, hakutazama saa. Nikampakulia. Nilishindwa kumnyima chakula mtoto anayenitazama kwa macho yale.

Mwishowe toleo likatoka. Makala imefutwa. Masahihisho yameandikwa, na jina la kwanza lililoomba radhi ni la mzee mwenyewe. Kisha akaachia kiti cha uhariri.

Jina la Salha likaondolewa kwenye orodha ya watu wa kupunguzwa. Akarudishiwa vifaa vyake. Mgonjwa wa kwanza aliyemwita alikuwa Lea.

Akamlaza, akafungua jicho la kulia. Akalitazama muda mrefu.

Kope zilikuwa zimekwaruza miezi yote ile. Kioo cha jicho kimekuwa cheupe kama ute wa yai uliochemka.

"Hili nimelikosa," Salha alisema kwa sauti ndogo. "Nipe la kushoto, mama. La kushoto nitaliokoa."

Akaliokoa.

Wajukuu zangu mnaosoma vyuo na kuandika tafiti, bibi yenu si msomi, lakini haya nimeyalipia. Andika ulichokiona. Usichokiona, teremka ukaulize, hata kama wenye nyumba wanalia. Na wewe unayepewa kazi ya mwenzako uikague, swali likikujia usilizime kwa sababu mwandishi ni kijana mwema. Wema wa mtu si ushahidi. Na ukikosea, sema upesi, maana kuna mtu mahali fulani anasubiri.

Siku Salha alipotuletea lile toleo la masahihisho, tulikaa uani na Lea, akatufasiria neno kwa neno. Jina la kijiji, umri wangu, na kwamba ni mzima.

Lea alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekigeuza ili jicho zima lituelekee.

"Na mimi wameniandika?"

Salha akageuza ukurasa. Akarudi nyuma. Akageuza tena, ingawa alijua.

"Hapana, mama. Wewe hawajakuandika."

"Haya," Lea alisema. Akanyoosha mkono hewani, upande wa jicho lililokufa, akingoja mmoja wetu amshike, arudi kwake.