Salamu Ndani ya Pampu

"Mzigo unatoka saa nne," Mkuu alinong'ona kwenye kifaa cha sikioni. "Una dakika kumi na mbili."

"Zinatosha."

Lifti ilifunguka ghorofa ya nne. Sindano, kama wenzake wa Idara ya Upelelezi walivyomwita, alitoka amevaa ovaroli ya fundi wa viyoyozi. Bastola ya Glock kiunoni. Kibali cha mahakama mfukoni.

Hakukimbia. Angekimbia, angeulizwa.

Ndani ya stoo zilipangwa pampu mia mbili za dripu za hospitali, tayari kuvushwa mpaka kwa magendo. Programu iliyoziendesha ilikuwa imeandikwa na mdogo wake. Kampuni iliyotengeneza pampu ikainakili, kisha ikamgeuzia kibao: ikadai yeye ndiye aliyeiba. Alifia rumande, akazikwa na jina la mwizi. Jaji alitaka ushahidi mmoja tu, pampu ya kampuni yenye kazi ya mkono wa marehemu ndani yake. Mzigo ukivuka, basi tena.

Miezi minane sasa Sindano alikuwa akimsikia mdogo wake ndani ya nyumba. Hatua kwenye korido. Kikohozi. Hakumwambia mtu, maana wangemnyang'anya silaha na kumpa likizo.

Stooni alimkuta mhandisi mmoja wa kampuni, jasho linamtoka.

"Dada, usiniue!"

"Nani kakwambia nakuua? Wewe ndiye uliyeinakili?"

"Niliambiwa nibadilishe majina tu. Nikabadilisha yote."

"Na kile kipande cha mwisho cha programu?"

"Hakifanyi kazi yoyote. Ila niliogopa kukifuta. Sisi tusichokielewa hatukigusi, programu nzima inaweza kugoma."

Sindano aliwasha pampu iliyokuwa karibu. Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, kama mdogo wake alivyomwonyesha siku moja nyumbani, akicheka peke yake.

Kioo kikawaka.

DADA, UMEKULA?

Ndivyo alivyomsalimia kila jioni. Aligeuka upesi, akidhani amesimama nyuma yake.

Aliyesimama nyuma yake alikuwa Mkurugenzi wa kampuni, bastola mkononi.

"Weka chini, bibie. Maiti haishtaki mtu."

"Mama yake anashtaki. Ndiye msimamizi wa mirathi."

Teke moja. Bastola ikaruka. La pili likamkalisha Mkurugenzi sakafuni, tai imemzunguka hadi mgongoni.

"Mkuu, nimeipata. Fungeni geti."

"Limeshafungwa."

Saa tano, mahakamani, Jaji alibonyeza vile vitufe mwenyewe. Akasoma. Akabonyeza tena. Pampu zote zikazuiwa, kampuni ikapigwa marufuku kuitumia programu ile, na Mkurugenzi akatiwa pingu kwa kunakili kazi ya mtu na kuidanganya mahakama. Mhandisi akakubali kuwa shahidi. Kuhusu marehemu, Jaji alisema maneno matatu.

"Hakuiba. Ilikuwa yake."

Nje, Sindano alimpigia mama yao, ambaye miguu ilimgomea asubuhi ile asifike mahakamani.

"Mama, wamesema hakuiba."

"Mimi nilijua," mama akasema. "Sasa mwambie huyo jaji anirudishie mwanangu."

Sindano alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akashuka ngazi taratibu, akawapita waandishi wa habari kama hawapo. Hakuna aliyemwona analia.