Sauti Kutoka Shimo la Gereji

Gereji ilikuwa uani, hatua ishirini kutoka jikoni. Kila asubuhi Mama Pacha aliwapeleka watoto shule, akarudi, akafagia. Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Fundi, alikuwa ameshafungua boneti ya gari la kwanza. Kazi yake ilikuwa kutengeneza viyoyozi vya magari. Alikuwa hodari, naye alijua kwamba ni hodari, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Katikati ya gereji kulikuwa na shimo refu la kuingia chini ya magari. Lilichimbwa na baba yake Fundi, aliyefariki mwaka uliopita. Jua likiwaka sana, Fundi alishuka humo, akaketi kwenye ngazi ya chini, akapumzika. Kulikuwa na ubaridi mzuri.

Siku moja alipanda kutoka shimoni ameduwaa. Ulimi wake ulikuwa mzito.

"Baba ameniita," alisema.

"Baba gani?"

"Baba yangu mimi. Ameniita kwa jina la utotoni."

Mama Pacha alicheka. Kisha akamtazama mumewe machoni, na kicheko kikamkauka.

Siku ya pili yake paka wa jirani alikutwa shimoni amelala. Hakuwa na jeraha wala povu mdomoni. Alikuwa amekufa tu. Siku iliyofuata Mama Pacha aliinama ndani ya shimo kuokota bisibisi. Moyo wake ukaanza kwenda mbio bila sababu. Masikio yakavuma, na ndani ya mvumo ule alisikia kitu kama mtu anayehema. Alikimbilia jikoni, akafunga mlango.

"Shimo lifukiwe," alimwambia mumewe jioni.

"Nifukie kazi ya mikono ya baba?"

"Basi usishuke tena."

"Mama Pacha, baba alikata roho mimi niko safarini. Sikuagana naye. Leo ananiita, nijitie pamba masikioni? Kesho nitamwitikia."

"Sikio la kufa halisikii dawa," mkewe alisema. Mara akayaogopa maneno yake mwenyewe.

Kesho yake hakuweza kutulia. Alikwenda kwa jirani yao, mwanamke aliyetengeneza majokofu ya hospitali. Mtaa mzima ulimwita Barafu. Barafu alisikiliza habari yote bila kucheka. Aliuliza swali moja tu.

"Shemeji akifungua kiyoyozi, gesi ya zamani anaipeleka wapi?"

"Anaiachia shimoni. Anatumbukiza mpira mle, isije ikawapulizia wateja usoni. Kwa adabu tu."

Barafu alikuwa ameshasimama. "Yuko wapi sasa hivi?"

Walikimbia. Gereji ilikuwa kimya. Mpira wa manjano ulilala ukingoni mwa shimo, na mdomo wake umeganda utandu mweupe wa baridi. Fundi alikuwa chini, ameegemea ukuta, anatabasamu.

"Naam," alikuwa akisema polepole. "Naam, baba. Nakuja."

Mama Pacha alitia mguu kwenye ngazi. Barafu alimvuta kwa gauni.

"Ukishuka tutawazika wawili! Mwite kutoka hapa, usinyamaze!"

Barafu akakimbia nje, akawasha kompresa ya kujazia matairi upepo. Akaushusha mpira wake shimoni, hewa safi ikavuma usoni kwa Fundi. Mama Pacha aliita mpaka koo likauma. Sauti mbili zilikuwa zikimwita mtu yule, na ya mkewe pekee ndiyo iliyotoka kwa aliye hai. Fundi aligeuza kichwa huku na huku. Kisha akakohoa, akaishika kamba waliyomtupia, wakamvuta juu.

Hospitali walimlaza usiku mmoja wauangalie moyo wake.

Aliporudi, Barafu alikuja na kifaa kidogo chenye mkia mrefu. Kililia ti... ti... ti. Alikishusha kwenye pembe ya mwisho ya shimo, ambako upepo haukufika. Mlio ukaenda mbio, halafu ukawa kilio kimoja kisichokatika. Nywele za Fundi zilisimama.

"Kimeona nini?"

"Kimenusa gesi. Wewe huioni, na pua yako haikuonyi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatuama chini kama maji kwenye beseni. Ukikaa ndani yake, hewa unaikosa. Kichwa kinaota, moyo unapoteza mapigo."

"Nilete mshumaa tuone vizuri."

"Thubutu! Gesi hii ikipita kwenye moto hutoa moshi wa sumu. Na za siku hizi nyingine hushika moto."

Fundi alichungulia shimoni. "Kwa hiyo hakuwa baba?"

"Shemeji, mimi natengeneza majokofu. Mambo ya wafu siyajui. Najua kilichomuua paka."

Wiki ile walikwenda dukani wote watatu kutafuta mashine ya gesi. Fundi alipenda mashine moja ndogo, nyepesi, inayong'aa.

"Hiyo inajaza tu," Barafu alisema. "Chagua inayonyonya gesi ya zamani kwanza, ikaiweka kwenye mtungi wake, na inayopima uzito wa gesi. Soma kibandiko chini ya boneti ujue gari linatumia gesi gani. Usichanganye gesi mbili. Ile inayoshika moto ina mashine yake. Na mtungi usijae mpaka juu, acha sehemu moja kati ya tano, maana joto huipanua gesi."

"Na glavu?"

"Glavu na miwani ya kazi. Gesi ikikurukia, inaunguza kwa baridi. Milango iwe wazi. Na muulize muuzaji nani atakufundisha, na vipuri viko wapi."

Fundi, mbishi yule, aliandika kila neno.

Miezi miwili ikapita. Magari yaliyotoka kwake yalikaa na ubaridi muda mrefu, kwa sababu sasa pampu ya mashine mpya ilinyonya hewa na unyevu wote kabla ya kujaza. Wateja waliongezeka. Shimo lilipulizwa kwa feni kila asubuhi, na hakuna aliyepumzika humo tena.

Mchana mmoja Mama Pacha alimkuta mumewe ameketi chini, mlangoni mwa gereji, uso ukitazama shimo.

"Kimya," Fundi alisema. "Nimesikiliza tangu asubuhi. Haniiti tena."

Kisha akalia. Hakuwahi kulia tangu mazishi. Mama Pacha aliketi kando yake. Yeye aliyeichukia sauti ile kuliko kitu chochote, sasa alimwonea mumewe huruma kwa kuikosa.

"Muage," alimwambia. "Hapa hapa juu, ukiwa na pumzi zako."

Fundi akavuta hewa, akamuaga baba yake kwa sauti, huku mkewe amemshika mkono.