Ugonjwa wa Merveille

Merveille alikuwa hodari wa kuanika ndagala, wale dagaa wa Ziwa Tanganyika, huko Magara. Vita vilipochoma nyumba yao na kumuua mama yake, yeye na mumewe Darius walihamia Rumonge. Huko Merveille akazimika polepole. Hali, halali, haongei. Kutwa amegeukia ukuta.

Benedicte, dada mkubwa wa Darius, alikuja kuwapikia. "Bibi yako iko muvivu," alimwambia Darius. "Sisi wote tumepoteza watu. Mbona tunaamka?"

Darius alipokuwa ziwani, Benedicte akampeleka Merveille kwa waombaji wa kutoa pepo. Wakamnyima chakula na maji ili pepo atoke. Darius aliporudi alimfuata huko, akamkuta amelala sakafuni, midomo imekauka. Alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya.

"Huu ni ugonjwa. Unaitwa sonona," alisema Aziza, muuguzi. "Si uvivu, si pepo. Unampata hata mtu hodari."

Akampa vidonge. Baada ya siku chache Darius alirudi kwa Aziza.

"Umetudanganya. Dawa haifanyi kitu."

"Keti, Darius. Dawa hii huchukua wiki kadhaa. Wengine inawasaidia, wengine haiwasaidii, wanabadilishiwa. Lakini asiiache ghafla. Tena, hakuna kidonge cha kuzima bunduki wala kumrudisha mama yake. Anahitaji pia mtu wa kumsikiliza. Umemuuliza anawaza nini?"

Darius hakuwahi kuuliza.

Alipofika nyumbani aliuliza. Merveille akajibu akiwa bado amegeukia ukuta: "Naona mtapumzika nikifa."

Darius hakumkemea. Alimrudisha kwa Aziza saa ile ile. Aziza aliongea naye kwa muda mrefu, akasema asiachwe peke yake.

Kesho yake Benedicte alileta waombaji tena. Darius alisimama mlangoni.

"Yaya, dada yangu, angevunjika mguu, ungemshindisha njaa? Muombeeni, sikatai. Lakini atakula, na dawa atakunywa. Ukitaka kumsaidia, keti naye."

Waombaji wakaondoka. Benedicte alibaki, akaketi. Baadaye akaanza kumsimulia Merveille habari za mtoto wake aliyeuawa. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu.

Dawa ya kwanza haikumfaa Merveille. Ya pili ilimfaa kiasi. Siku nyingine alilia tu, hasa bunduki ziliposikika milimani. Lakini alianza kula, kisha kushuka ufukweni pamoja na Benedicte kuanika ndagala.

Asubuhi moja Darius alisikia ugomvi kwenye ndagala. Mchuuzi aliyekuja kununua alikuwa anashindilia ndagala kwenye kipimo kwa ngumi ili apate zaidi.

"Toa mkono wako," Merveille alimwambia. "Nimewaanika mwenyewe, nitapima mwenyewe."

Darius alisimama pale, akimsikiliza mkewe akikasirika, kwa mara ya kwanza tangu Magara.